KUUZA HEWA YA MITI: MAMBO YAMPASAYO MKULIMA WA SKIMU KUYAJUA KABLA YA KUTIA SAHIHI

Wakulima wengi wa skimu za upande wa Kieni, toka Mweiga na Endarasha hata Naro Moru, wamekuwa wakiuliza swali moja. Wanasema: "Tumesikia ya kwamba mtu akipanda miti aweza kulipwa fedha kwa ajili ya hewa iliyomo ndani ya miti hiyo, na miti yenyewe ikabaki shambani mwake. Je, ni kweli, au ni ujanja wa watu wa mjini?"

Jibu ni kwamba jambo hilo ni kweli. Biashara hiyo ipo, na hapa kandokando ya Mlima Kenya imekuwapo kwa zaidi ya miaka ishirini. Lakini fedha zake si nyingi kama watu wanavyodhani, na masharti yake ni ya miaka mingi kuliko mkopo wo wote wa ng'ombe au wa mbolea. Mkulima ajuaye mambo hayo mawili si rahisi kudanganywa. Asiyeyajua aweza kulifunga shamba lake, na la watoto wake, kwa thamani ya kilo chache za sukari. Kwa hiyo yafaa tuyaeleze mambo haya moja moja.

HEWA YA UKAA NI KITU GANI?

Kila kitu kichomwacho, kikiwa kuni, makaa, mafuta ya taa au petroli, hutoa hewa isiyoonekana kwa macho, nayo huitwa hewa ya ukaa. Mimea yote huivuta hewa hiyo kwa majani yake, ikaitumia pamoja na maji na nuru ya jua kujifanyia chakula. Sehemu iitwayo kaboni hubaki ndani ya mti, ikawa shina, matawi na mizizi. Ukitwaa gogo lililokauka kabisa, karibu nusu ya uzito wake ni kaboni iliyotoka hewani. Ndiyo sababu husemwa ya kwamba mti ni ghala ya hewa ya ukaa. Mti ukisimama, ghala imefungwa. Mti ukichomwa au ukioza, ghala imefunguliwa, na hewa inarudi ilikotoka.

Hewa ya ukaa kwa kiasi chake si jambo baya, kwa maana bila hiyo hata mahindi hayaoti. Taabu ni kwamba imezidi. Tangu watu wa Ulaya na Marekani walipoanza kuendesha viwanda kwa makaa ya mawe, na baadaye magari na ndege kwa mafuta, hewa hii imeongezeka hata kufika mara moja na nusu ya kiasi cha zamani. Nayo hufanya kazi kama blanketi, huzuia joto lisitoke duniani.

Dalili zake twaziona hapa kwetu. Wataalamu waliopima Barafu ya Lewis, iliyo juu ya Mlima Kenya, waliona ya kwamba kati ya mwaka 1934 na mwaka 2010 sehemu kama tisa katika kumi za barafu hiyo zilikuwa zimeyeyuka. Barafu ya Gregory, iliyokuwa jirani yake, imekwisha kabisa. Tena wakulima wanakumbuka ukame ulioanza mwishoni mwa mwaka 2020, ambao katika sehemu za mashariki na kaskazini mwa Kenya ulikula misimu mitano ya mvua mfululizo, na jinsi mwaka 2024, mwezi wa Aprili na Mei, mvua ilivyokuja kwa wingi ikabomoa barabara na kuchukua udongo.

Sehemu ya Kenya katika hewa yote ya ukaa itolewayo duniani haifiki hata moja kwa mia. Mkulima wa eka tano si yeye aliyeyaleta mambo haya, ijapokuwa yanampata. Jambo hilo lafaa kukumbukwa anapokuja mtu kumwambia ya kwamba ni wajibu wake kuiokoa dunia kwa bei rahisi.

NANI ANUNUAYE, NA ANANUNUA NINI?

Fikirini mtu amwagaye takataka katika mto huku juu. Anaambiwa aache, lakini anasema hawezi kuacha mara moja. Basi anamlipa mtu mwingine wa chini azoe takataka za kiasi kile kile katika mto ule ule, ili jumla isizidi. Biashara ya hewa ya ukaa ni kama hiyo. Kampuni ya ndege, kiwanda, au hata mtu mmoja wa ng'ambo, hutoa hewa hiyo kwa kazi yake, kisha humlipa mwingine aihifadhi hewa ya kiasi hicho. Safari ya abiria mmoja kutoka Nairobi hata London na kurudi, mathalan, hutoa kadiri ya tani moja hata mbili kwa fungu lake yeye peke yake.

Kitu kinachouzwa ni hati iandikwayo kwa tani. Tani moja ya hewa ya ukaa ni hati moja, na wafanyaji biashara huiita kredi ya kaboni. Kwa hiyo hakuna mtu atakayekuja shambani na mfuko wa kuchukulia hewa, wala mti haukatwi. Kinachotoka mikononi mwa mkulima ni haki ya kusema, "Hewa hii nimeihifadhi mimi." Haki hiyo ikiisha kuuzwa ni ya mnunuzi, na haiwezi kuuzwa mara ya pili.

Biashara hii ni ya haki ikiwa mambo manne yanatimia. Kwanza, miti iwe ni ile ambayo isingalipandwa au kutunzwa pasipo fedha hizo. Pili, miti idumu. Tatu, hewa ile ile isihesabiwe katika vitabu viwili. Nne, mtu asipande miti hapa kisha akaenda kufyeka pengine kupata shamba la viazi. Likikosekana moja, mnunuzi amenunua maneno matupu, na huko ng'ambo magazeti yamekwisha kufichua miradi mingi ya namna hiyo. Mradi ukianguka, wanunuzi hukimbia, na mkulima aliyefanya kazi yake kwa uaminifu hukosa malipo pamoja na wale waliodanganya. Kwa hiyo ukweli wa hesabu ni faida ya mkulima pia.

YALIYOKWISHA KUFANYIKA HAPA KWETU

Kupanda miti si jambo geni katika nchi hii. Mwaka 1922, huko Muguga katika Kiambu, kilianzishwa chama kilichoitwa Watu wa Miti, ambacho baadaye kilienea katika nchi nyingi. Mwaka 1977 Profesa Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe hapa Nyeri, alianzisha Green Belt Movement, na wanawake wa vijijini wakaanza kuweka vitalu vya miche. Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Mwaka 2006 chama chake kilifanya mapatano na mfuko mmoja wa Benki ya Dunia, ili misitu iliyoharibika ya Aberdare na ya Mlima Kenya ipandwe upya na hewa itakayohifadhiwa inunuliwe. Kazi hiyo ilikuwa katika misitu ya Serikali.

Katika mashamba ya watu wenyewe, mradi ujulikanao zaidi ni ule uitwao TIST. Ulianzia Mpwapwa, Tanzania, mwaka 1999, na mwaka 2004 ukaingia Kenya upande wa Meru na Nanyuki, kisha ukaenea kuzunguka mlima. Tunautaja kwa sababu taratibu zake zajulikana wazi, na mkulima aweza kuzifanya kipimo cha kupimia miradi mingine.

Katika mradi huo wakulima hujiunga katika vikundi vidogo vya watu 6 hata 12. Kila mtu hupanda katika shamba lake, na miti hubaki mali yake, pamoja na kuni, matunda na matawi yaliyopogolewa. Mpimaji huja na utepe na simu yenye kuonyesha mahali, huzunguka shamba, huhesabu miti na kupima unene wa shina kwa urefu wa mita 1.3 toka chini, yaani kifuani pa mtu mzima. Kwa unene huo hukadiriwa uzito wa mti mzima. Kisha wakaguzi wengine, wasio wa mradi, huja kuhakikisha. Malipo ni ya namna mbili. Kwanza ni malipo madogo ya kutangulia, senti 2 za dola kwa mti ulio hai kwa mwaka. Pili, hati zikiuzwa na gharama zikitolewa, sehemu 70 katika mia za faida hurudi kwa wakulima. Nao wakulima huahidi kuitunza miti kwa miaka 30.

HESABU YA MKULIMA MMOJA

Sasa tufanye hesabu, maana pasipo hesabu maneno ni mengi. Tarakimu hizi ni za mfano, na kila mtu aweza kutia za kwake.

Tuseme mkulima ana eka 5, na shamba lake ni karibu mraba. Mpaka wake wote una urefu wa mita 570 hivi. Akipanda mukima mmoja kila baada ya mita 2, atakuwa na miti 285 mpakani. Akiongeza kichaka cha miti 115 mahali penye mawe pasipolimika, ana miti 400.

Malipo ya kutangulia ya senti 2 kwa kila mti ni dola 8 kwa mwaka. Dola moja ikiwa shilingi 129, hizo ni shilingi 1,032. Maziwa yakiuzwa shilingi 45 kwa lita, fedha hizo ni sawa na lita 23 za maziwa kwa mwaka mzima.

Tuendelee na malipo ya pili. Tuseme baada ya miaka 20 kila mti, pamoja na mizizi yake, una uzito mkavu wa kilo 200. Nusu yake ni kaboni, yaani kilo 100. Kila kilo ya kaboni ilitokana na kilo 3.67 za hewa ya ukaa, basi mti mmoja umehifadhi kilo 367. Miti 400 imehifadhi tani 147 hivi. Tukizigawanya kwa miaka 20, ni kama tani 7 kwa mwaka, ingawa miaka ya kwanza ni pungufu kwa kuwa miti ni midogo. Bei ya tani hupanda na kushuka sana. Tuseme ni dola 10. Hizo ni dola 70. Gharama za wapimaji, wakaguzi na ofisi zikichukua dola 30, hubaki 40. Sehemu 70 katika mia za hizo 40 ni dola 28, yaani shilingi 3,612 kwa mwaka.

Fedha hizo hazitamlipia mtoto karo ya sekondari. Hata hivyo si kitu cha kudharau, kwa kuwa zatoka mpakani, mahali ambapo huenda hapakuwa na kitu. Lakini mtu akiambiwa ya kwamba atatajirika kwa hewa ya eka tano, ajue ameambiwa uongo. Fedha ya hewa ni chumvi, wala si chakula.

FAIDA KUBWA NI YA MTI MWENYEWE

Linganisheni hesabu ile na hii. Utafiti uliofanywa Embu katika miaka ya 1990 ulionyesha kwamba kilo 3 za majani mabichi ya kaliandra humfaa ng'ombe wa maziwa kama kilo 1 ya chakula cha dukani. Tena ulionyesha kwamba vichaka 500 hivi vya kaliandra vyatosha kumpa ng'ombe mmoja kilo 6 za majani kila siku mwaka mzima. Vichaka hivyo havihitaji shamba lake pekee, vyaweza kupandwa juu ya matuta na kando ya njia. Kilo 6 za majani ni mahali pa kilo 2 za chakula cha dukani. Kilo moja ikiwa shilingi 45, mkulima ameokoa shilingi 90 kwa siku. Tuhesabu siku 300 tu: ni shilingi 27,000. Hata tukikata nusu kwa ajili ya kazi ya kuvuna na siku za kiangazi kikali, bado ni zaidi ya mara tatu ya fedha ya hewa. Mahali pa juu penye jalidi kaliandra haistawi vizuri, basi muulizeni Bwana Shamba au Bibi Shamba wa wadi mti mwingine wa malisho uvumiliao baridi.

Mukima nao hutoa kuni kwa matawi yapogolewayo, na mbao mwishowe. Parachichi na makadamia hutoa matunda. Muiri, muringa na mukinduri ni miti ya kwetu, na huzuia udongo usichukuliwe na maji.

Kuna pia faida isiyolipwa na mtu ye yote, nayo ni kubwa kuliko zote, yaani maji. Mito ya Naro Moru, Burguret na Nanyuki yashuka kwenda Ewaso Ng'iro, na Sagana, Thego, Chania na Gura yaenda Tana. Maji ya mito hiyo wakati wa kiangazi hutoka hasa katika ardhi ya misitu na mabwawa ya juu yaliyonywa mvua polepole. Kwa hiyo msipande mikalitusi kando ya mto au chemchemi kwa sababu tu yakua upesi na mpimaji ataihesabu kuwa minene. Mwaka 2009 marehemu John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Mazingira, aliagiza mikalitusi iliyo kando ya maji iondolewe, kwa kuwa hunywa maji mengi. Mtu auzaye hewa kisha akakosa maji ya ng'ombe amefanya biashara mbaya.

SHAMBA LA SKIMU NA MIAKA THELATHINI

Hapa ndipo panapotakiwa uangalifu mkubwa, hasa kwa ninyi watu wa skimu.

Miaka 30 ni umri wa mtu mzima. Mkulima wa miaka 50 atiaye sahihi leo ataufikisha mkataba akiwa na miaka 80, au ataufikisha mwanawe. Katika muda huo shamba laweza kugawanywa kwa watoto wanne, na mpaka wenye miti ukawa katikati ya uwanja wa nyumba. Je, mtoto aliyerithi ni lazima aitunze miti asiyoiahidi yeye? Je, akikata miti kumi ajenge nyumba, kikundi kizima kitakatwa malipo? Maswali hayo yajibiwe kwa maandishi, si kwa mdomo.

Tena wengi katika skimu hawajapata hati ya kumiliki ardhi. Wengine wana barua ya kugawiwa tu, na wengine bado wana deni la Mfuko wa Makazi. Wengine wanalima shamba ambalo hati yake ina jina la babu aliyekufa zamani, na kesi ya urithi haijafunguliwa. Mtu wa namna hiyo aweza kupanda miti apendavyo, lakini akitia sahihi ya kuuza haki ya hewa ya miaka 30 aweza kuleta ugomvi katika jamaa. Ni afadhali aanze na jambo la hati au la urithi. Hata mwenye hati asitie sahihi peke yake. Mke ndiye mara nyingi amwagiliaye miche na kuilinda na mbuzi, na mjane ndiye atakayebaki na mkataba. Basi akae naye, na watoto wakubwa wawepo, wasomewe kila neno kwa lugha wanayoielewa.

Jambo jingine ni hili. Msikate miti ya zamani ili mpande miche mipya ya kulipwa. Kanuni za kimataifa zitumiwazo na miradi mingi hukataa shamba ambalo miti yake ya asili ilifyekwa katika miaka 10 iliyotangulia. Afanyaye hivyo atakosa miti yake na fedha pia.

SHERIA INASEMAJE?

Kenya ilitunga Sheria ya Mabadiliko ya Hali ya Hewa mwaka 2016, ikairekebisha mwaka 2023 ili biashara ya hewa ya ukaa iwe na utaratibu, na mwaka 2024 zikafuata kanuni za biashara hiyo. Kwa miradi ya ardhi iliyo katika ardhi ya umma au ya jamii, sheria yataka yafanywe mapatano ya maendeleo na wenyeji, nao wapate kila mwaka si chini ya sehemu 40 katika mia za mapato. Kwa miradi isiyo ya ardhi ni sehemu 25 katika mia. Serikali ya kaunti ina wajibu wa kusimamia mazungumzo ya mapatano hayo.

Angalieni sana. Ile sehemu ya 40 katika mia imewekwa kwa ajili ya ardhi ya umma na ya jamii. Shamba la skimu lenye hati ya mtu mmoja ni ardhi ya mtu binafsi. Kwa hiyo kinga ya kwanza ya mkulima wa skimu ni maneno yaliyoandikwa katika mkataba wake mwenyewe. Asidhani ya kwamba sheria itamjazia pale alipoacha wazi.

Kwamba mahakama huyaangalia mambo haya, tumeona kwa jirani zetu wa Isiolo. Mwezi wa Januari 2025 mahakama ya huko iliamua ya kwamba hifadhi mbili za jamii zilianzishwa kinyume cha sheria, bila wenyeji kushirikishwa ipasavyo. Moja ya hizo ilikuwa ndani ya mradi mkubwa wa kuuza hewa ya ukaa ya nyanda za malisho. Funzo lake ni kwamba mradi ulioanzishwa bila watu kuelewa na kukubali hauna msingi, hata uwe na hati nzuri namna gani.

KAZI YA KAUNTI NA KAMATI YA WADI

Watu wengi huchanganya fedha za namna mbili. Namna ya kwanza ni hii ya kuuza hewa, ambayo ni biashara. Namna ya pili ni fedha za umma za kuwasaidia wananchi kukabiliana na ukame na mafuriko. Mwaka 2021 Serikali, kwa msaada wa Benki ya Dunia na wafadhili wengine, ilianzisha mpango ujulikanao kwa herufi FLLoCA, wa kupeleka fedha hizo katika kaunti. Katika mpango huo kaunti yatakiwa kuwa na sheria yake na mfuko wake, na kila wadi kuwa na kamati ya watu wa mahali hapo ya kutaja kazi zinazohitajiwa, kama mabomba ya maji, mabwawa, vitalu vya miche na ulinzi wa chemchemi.

Kwa fedha hizi za pili hakuna mkulima anayetakiwa kuuza hewa ya miti yake. Basi mtu akija na kusema, "Tieni sahihi hapa ya hewa ya ukaa ndipo mpate bwawa la kaunti," mwambieni aonyeshe jambo hilo limeandikwa wapi. Tena msiache baraza za wadi kwa watu wachache. Watu wa skimu mara nyingi hukaa mbali na soko, na kwa sababu hiyo bwawa hujengwa pale walipo wasemaji. Kikundi cha wakulima kikichagua watu wawili, mwanamume na mwanamke, wahudhurie kila baraza na kuleta habari, kitapata faida kuliko kulalamika baadaye.

Wakaao mijini, Nyeri, Karatina au Nanyuki, nao wana fungu lao. Majiko mengine ya kuni na makaa huuzwa kwa bei ya chini kwa sababu kampuni inauza hewa ambayo jiko hilo linapunguza. Hilo si kosa, kwa kuwa jiko zuri hupunguza kuni, moshi na gharama. Lakini mnunuzi na asome karatasi aliyopewa, ajue ya kwamba sehemu ya bei ameilipa kwa kuiachia kampuni haki ya hewa.

MASWALI YA KUULIZA KABLA YA KUTIA SAHIHI

1. Mradi huu ni wa nani, ofisi yake iko wapi hapa nchini, na umeandikishwa na NEMA chini ya kanuni za mwaka 2024?

2. Mkataba ni wa miaka mingapi, na mkulima aweza kutoka katika mkataba kwa njia gani, kwa gharama gani?

3. Malipo ni kiasi gani, lini, kwa njia gani? Ikisemwa "sehemu fulani katika mia," ni ya mapato yote au ya faida baada ya gharama? Na gharama hizo nani azikagua?

4. Miti, mbao, kuni na matunda ni mali ya nani? Ni miti mingapi mkulima aweza kukata kwa mwaka kwa matumizi yake?

5. Miti ikifa kwa ukame, moto, jalidi au ndovu, nani ataipata hasara?

6. Mwenye shamba akifa, au shamba likiuzwa au kugawanywa, mkataba unakwenda kwa nani?

7. Hewa ya miti hii imekwisha kuuzwa katika mradi mwingine?

Asiyeweza kujibu maswali hayo saba kwa maandishi asipewe sahihi. Na anayetaka ada ya kujiandikisha kabla ya kupima hata mti mmoja, mwonyesheni njia.

NENO LA MWISHO

Ndugu wakulima, hatuwakatazi kuuza hewa ya miti yenu, wala hatuwasukumi. Wako wakulima kuzunguka mlima huu wanaolipwa mwaka kwa mwaka, na miti yao imesimama. Shauri letu ni kufuata utaratibu. Pandeni kwanza miti mnayoihitaji wenyewe, ya malisho, ya kuni, ya matunda na ya kulinda udongo. Chimbeni mashimo kabla ya mvua ya masika, mtie samadi, na mlinde miche na mifugo mwaka wa kwanza na wa pili, kwa maana miche mingi hufa kwa mbuzi kuliko kwa jua. Andikeni katika daftari siku ya kupanda, namna ya mti na idadi yake. Miti ikiisha kushika, na mradi wa haki ukatokea, daftari hilo litawasaidia kupata bei njema. Usipotokea, bado mnayo miti.

Mwenye kuletewa karatasi asiyoielewa na ailete katika ofisi ya kilimo ya wadi yake ili isomwe pamoja naye. Ailete kabla ya kutia sahihi, wala si baadaye.